Hewa Inayofika Magotini

Mimi si mtu wa matembezi. Wiki nzima nasimama kwenye karakana yangu ya milango kule Ndosho, mjini Goma, nikigombana na mbao mbichi na wateja wanaotaka mlango leo wakati mti wenyewe umeangushwa jana. Jumapili nikitoka kanisani nataka vitu viwili tu, sahani yangu na godoro langu. Anayenitoa kitandani Jumapili ajue anachokitafuta.

Aliyenitoa safari hii alikuwa mke wangu, naye alikuwa na ushahidi. Mwalimu wa binti yetu mdogo, mwenye miaka sita, aliwaambia watoto wachore kitu cha kijani. Mwanangu akachora mlango. Ulikuwa mlango wetu wenyewe, ule nilioupaka rangi ya kijani mwaka jana, na kitasa chake na ufa wake wa chini. Mwalimu alimpa alama nzuri. Mimi nilicheka, nikasema mtoto ana jicho la fundi. Mke wangu hakucheka.

"Mutoto anazaliwa chini ya mulima, pembeni ya ziwa," alisema, "na kijani yenye anajua ni ya mukebe ya rangi. Unasikia haya, papa?"

Nilisikia haya kidogo. Basi Jumapili iliyofuata tulikwenda Lac Vert, yaani Ziwa la Kijani, lile ziwa dogo lililo ndani ya shimo la volkano ya zamani, magharibi ya mji, kabla ya Sake. Tulikuwa watano: mimi, mke wangu, binti yetu mkubwa wa miaka kumi na miwili, yule mdogo, na mama yangu mzazi, ambaye watoto wanamwita koko. Mama alizaliwa upande ule wa Sake. Aliposikia tunaenda huko alivaa kitenge chake cha sikukuu na kuchukua fimbo na mwavuli.

Tulipanda pikipiki tatu. Mama alidai yake peke yake, akakaa kiupande na fimbo juu ya mapaja kama mkaguzi anayekwenda kukagua barabara. Tulipita Mugunga, tukapita pale ambapo juzi tu palikuwa pamejaa maturubai meupe ya wakimbizi na sasa pamebaki mawe matupu. Kisha tukashuka, tukawalipa vijana wa pikipiki, tukaanza kutembea.

Mwanzoni njia ilikuwa ya mawe meusi ya volkano, na juu ya mawe hayo watoto wa Goma hutembea bila hata kutazama chini. Wamejifunzia hapo kusimama. Lakini tulipofika penye nyasi, yule mdogo alisimama ghafla. Aliweka mguu, akautoa, akauweka tena.

"Papa, chini inabonyea!"

Alivua kandambili zake akasimama hapo peku, akikunja na kukunjua vidole. Dada yake alimcheka, halafu naye akavua. Nilitaka kuwaambia tutachelewa, lakini niliona aibu, kwa sababu mwanangu alikuwa na miaka sita na hii ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga udongo laini. Kwetu chini ni jiwe, uani ni jiwe, shuleni ni jiwe. Nikavua viatu vyangu pia. Mama yangu alituangalia, akauliza kama sasa tunakwenda kuoga.

Tulipopanda kidogo mawingu yalifunguka upande wa kaskazini, na mlima ukatokea. Mtu wa Goma akikwambia anaujua Nyiragongo, volkano yetu, muulize ameuona lini mara ya mwisho. Kule kwetu tunaona kipande tu, kati ya bati la jirani na moshi wa makaa. Usiku tunaona wekundu wake mawinguni tunasema, haya, bado upo, tunalala. Hapa niliuona wote, kutoka miguuni mpaka kileleni, na ule moshi mweupe ukitoka taratibu kana kwamba hauna haraka na mtu. Upande wa pili lilikuwepo ziwa Kivu, pana na tulivu. Na katikati, kama vumbi lililomwagwa, mji wetu. Watu wote wale, kelele zote zile, milango yangu yote, vilienea pale chini mahali padogo namna ile. Nilisimama nikasahau nilichokuwa nasema.

"Inaweza kutufunika sisi wote," alisema binti yangu mkubwa.

"Inaweza," mama yangu alijibu. "Na bado mnalalamika chumvi ya mboga ni kidogo."

Mbele kidogo mama alitusimamisha. Kando ya njia kulikuwa na bonde dogo, ukubwa wa sebule yetu, kina chake labda kimo cha mtoto. Nyasi za ndani zilikuwa za kahawia wakati za juu zilikuwa mbichi. Mimi ningepita bila kuliangalia mara mbili. Mama aliomba karatasi na kiberiti. Mke wangu akararua ganda la karatasi lililofunga mikate. Mama alilisokota, akalifunga kwa uzi kwenye ncha ya fimbo, akaliwasha.

"Muangalie moto," alisema.

Alishusha fimbo polepole ndani ya lile bonde. Moto uliwaka vizuri, njano, ukicheza na upepo. Ulipofika pale ambapo yangekuwa magoti yangu kama ningesimama mle ndani, ulizimika. Haukufifia, ulizimika mara moja, kama uliotumbukizwa kwenye ndoo. Lakini hapakuwa na maji wala kitu chochote, ni hewa tu juu ya hewa. Na moshi wa ile karatasi ulifanya kitu ambacho bado nakiona nikifumba macho. Haukupanda. Ulilala, ukatandazika, ukasambaa juu ya kitu tusichokiona, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Ghafla tuliona uso wa lile bwawa, bwawa lisilo na maji.

Mama aliwasha tena. Moto ukazimika palepale. Mara ya tatu, palepale.

"Nani anazima?" mdogo aliuliza kwa kunong'ona.

"Mazuku," mama yangu alisema.

Neno nililijua tangu utoto. Kila mtu wa Goma analijua: ni hewa nzito inayotoka chini ya mawe, haina rangi wala harufu, inajikusanya mahali pa chini na kuua mbuzi na watu. Nililijua kama ninavyojua jina la mtu ambaye sijawahi kumwona. Siku ile nilimwona.

"Hapa mutu mukubwa anapita, anaenda zake," mama aliwaambia watoto. "Mutoto anabakia. Mazuku haina mikono, haina meno. Inangojea tu uiname. Kwa hiyo huku hatushuke kwenye shimo, hatulale chini. Tunasimama. Mumesikia?"

"Ndiyo, koko."

Walisikia kweli. Walipita kwa kunyata, wakishikana mikono, wakitazama ile sebule tupu kwa heshima wasiyonipa mimi nyumbani.

Ziwa lenyewe siwezi kulieleza vizuri. Unapanda, unapanda, pumzi inakuishia, unafika ukingoni na kudhani utaona kilima kingine, kumbe mbele ya vidole vyako ardhi imekatika, na chini kabisa kuna kijani kinachokutazama. Si kijani cha nyasi. Mimi ni mpaka rangi, nimechanganya makopo mengi, na sikuwahi kupata ile. Mke wangu alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajalifanya tangu harusi. Binti yetu mdogo alikaa chini, kisha akakumbuka onyo la koko akasimama haraka, tukamwambia hapa juu kuna upepo, kaa tu. Alikaa muda mrefu akiangalia. Baadaye akauliza nani aliyeimwaga rangi ile. Nikamwambia ni Mungu. Akasema Mungu alitumia mikebe mingi.

Tulikula hapo sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwa Kivu, pamoja na viazi na jibini la Masisi. Watu wengine walikuwepo: kikundi cha vijana wa kwaya wakipiga makofi, wachumba wawili watatu, bwana mmoja aliyevaa suti nzima na tai kuja kupanda mlima. Watoto walikimbizana kwenye mteremko mpaka magoti yakawa ya kijani. Mke wangu aliyaonyesha magoti yale kwangu. Alikuwa ameshinda, na alijua kwamba najua.

Alasiri mama alisema miguu yake imetosha. Alitangulia kushuka na mdogo, wapumzike kule njia inapoanza kuwa ya mawe, naye akaketi juu ya jiwe pana na kufungua mwavuli wake. Tuliuona tukiwa juu, mwekundu, na mtoto akizunguka karibu yake akichuma maua. Sisi watatu tulizunguka ukingo mara moja zaidi, kisha tukaanza kushuka.

Tulikuwa bado hatua kama mia mbili juu yao uliposikika mlio. Paa! Mlio mmoja, mkavu, kutoka upande wa barabara ya Sake.

Mlima mzima ulilala chini. Sisemi kwa kutia chumvi. Mke wangu, binti yangu na mimi tulikuwa tumbo chini kwenye nyasi kabla sijafikiri lolote. Kwaya yote ilikuwa chini. Bwana wa suti alikuwa chini, tai imeingia kwenye sahani. Kisha tukaliona lori kule barabarani, limeinama upande mmoja, na dereva akilizunguka huku ameshika kiuno. Ni gurudumu lililopasuka.

Tulicheka. Jamani, tulicheka. Watu waliinuka wakijipangusa, wakionyeshana vidole, kijana mmoja wa kwaya akaigiza namna mwenzake alivyoruka, na yule bwana akalamba tai yake. Mke wangu alicheka mpaka machozi. Hicho ni kicheko cha Goma, na asiyekijua asitusaidie kukieleza. Kilichukua labda dakika moja. Dakika ile sitaisahau mpaka naingia kaburini.

Kwa sababu chini kule mama yangu alikuwa amesimama, mwavuli umeanguka, na alikuwa akipiga kelele. Upepo ulituletea vipande tu. Kisha nikasikia neno moja wazi.

"Simama! Mutoto, simama!"

Sikumwona mwanangu popote. Nilianza kukimbia. Mama alikuwa anaonyesha kwa fimbo mahali hatua kumi kutoka kwake, penye majani mengi, na nilipokaribia niliona kwamba chini ya majani yale palikuwa na shimo ambalo hata yeye hakuwa ameliona. Lilikuwa dogo, fupi, mtu mzima angesimama humo likamfika kiunoni. Ndani yake nikaona sweta ya njano. Alikuwa amelala kifudifudi, uso kwenye udongo, mikono juu ya kichwa.

"Toka!" nilipiga kelele nikikimbia. "Toka humo! Amka!"

Kile kichwa kidogo hakikuinuka. Mama yangu alinigeukia, na sikuwahi kuuona uso wake hivyo.

"Namuita, anakataa, na miguu yangu haiwezi kushuka," alisema. "Anasema papa hayasema bado. Papa hayasema nini? Ulimwambia nini huyu mutoto?"

Hapo ndipo nilipokumbuka.

Wiki ile vita vilipoingia mjini tulilala chini siku nne nyuma ya magodoro, kwa kuwa nyumba yetu ni ya mbao na risasi haiombi ruhusa kwa ubao. Siku ya pili kulikuwa na ukimya, na mama yake alimwita huyu mdogo kutoka chumba cha pili, naye akainuka. Risasi ilipita ukutani pale alipokuwa ameinuka. Nilimvuta chini kwa mguu, nikampiga kofi, la kwanza maishani mwake, kisha nikamfundisha. Ukisikia mlio, usimkimbilie mtu. Tafuta mahali pa chini kuliko pote, ulale. Usiinuke kwa sababu kumenyamaza. Usiinuke mama akikuita, usiinuke koko akikuita, mtu anaweza kuita kwa woga. Papa ndiye atakwambia neno moja, imeisha. Nilimfanya alirudie mara kumi. Alirudia, akilia, mpaka akaacha kulia.

Na mimi nilikuwa nimelisahau. Neno langu mwenyewe.

"Imeisha!" nilipiga kelele. "Imeisha! Mwanangu, papa anasema, imeisha!"

Kwa muda kidogo hakikutokea kitu. Kisha mkono mmoja ulisogea. Alijisukuma, akaanguka, akajisukuma tena, na polepole, kama mtu anayejitoa majini, mwanangu alisimama. Alisimama! Kichwa chake kilikuwa juu ya shimo, macho hayamwoni mtu, midomo rangi ya jivu. Mama yangu aliniambia nisipumue na nisiiname. Nilikata pumzi, nikaingia, nikamshika chini ya makwapa na kumtoa, na hata hivyo magoti yangu yalihisi joto la kitu ambacho macho yangu yaliapa hakipo.

Tulimlaza juu ya jiwe refu kuliko yote, penye upepo. Alitapika. Alilalamika kichwa. Mke wangu alimshika upande mmoja, mama yangu alimshika nyayo huku akiomba kwa Kihunde, na dada yake alimpepea kwa mikono yote miwili. Nilihesabu pumzi zake moja moja. Baada ya muda midomo ilianza kurudi rangi yake, naye akalia kwa sauti, kilio cha kawaida cha mtoto aliyeumia, na hakuna wimbo nilioupenda kama huo.

Nitasema ukweli wote. Woga ulipopungua nilishikwa na hasira, kama kawaida yangu. Nilitaka kumchapa. Koko amemwonya asubuhi ileile, amemwonyesha moto unavyokufa, naye anakwenda kulala shimoni! Mkono ulikuwa tayari umeinuka. Kisha nikajiuliza namchapa kwa kosa gani, na jibu lilinikalisha chini. Kosa lake lilikuwa kunitii.

Alikuwa ameisikia sauti ya koko. Aliniambia hivyo mwenyewe, akiwa amelaza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Alinisikia hata mimi nikisema toka.

"Lakini hukusema ile neno," alisema. "Nilisikia usingizi, papa. Nikasema nitangojea."

Asubuhi ile nilikuwa nimeuona mlima unaoweza kuufunika mji, na ziwa ambalo sina rangi yake, na hewa inayokaa kwenye shimo kama mnyama aliyelala. Vyote vile vilinitisha, na nilifurahi kutishwa. Lakini nilipomtazama mtoto yule mwenye sweta ya njano nilitishwa kwa namna nyingine. Nilimwogopa. Angengoja. Angelala pale pale, mtiifu, akisubiri neno kutoka kwa mtu aliyekuwa juu ya mteremko anacheka. Sijui nimefanya nini katika maisha yangu kustahili kuaminiwa hivyo, na sikujua mahali pa kuweka macho yangu.

"Umubadilishie," mke wangu alisema kwa sauti ndogo. "Leo hii."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikamwambia kwamba kuanzia leo, koko akisema simama, asimame. Mama akisema simama, asimame. Asingoje neno la papa.

Alifikiri. Watoto wakifikiri wanakunja uso mzima.

"Na kama ni risasi?"

Nilimwangalia mke wangu. Mke wangu alimwangalia mama yangu. Mama yangu, ambaye ana jibu kwa kila kitu, alikuwa anakung'uta mwavuli wake.

"Sijui," nilisema.

Hakuwahi kunisikia nikisema hivyo. Alinitazama kidogo, si kwa lawama, bali kama mtu aliyeona kwamba kazi hii atalazimika kuifanya mwenyewe.

"Kule nililala kulikuwa vipepeo viwili," alisema. "Na panzi. Bilikuwa bimekufa." Alifuta pua kwa mkono wa sweta. "Basi nikisikia mlio nitaangalia chini kwanza. Kama bidudu bimekufa, nitasimama. Kama biko bizima, nitalala."

Mke wangu aligeuka akatazama pembeni. Mimi nilimwambia mwanangu kwamba hiyo ni akili nzuri, afanye hivyo. Kisha nikambeba mgongoni mpaka barabarani, ingawa alisema anaweza kutembea.